Kutafuta Watu na Pesa za Kupambana na Uonevu Shuleni na Kazini: Mwongozo wa Mombasa

Mwaka wangu wa kwanza katika kamati ya wazazi ya shule moja huku Kisauni, tulichangisha pesa za kupinga uonevu na tukazipata. Tukachapisha fulana, tukatundika bango refu langoni, tukaalika mgeni wa heshima, watoto wakaghani shairi. Wiki iliyofuata mvulana wa Gredi ya 6 akavuliwa viatu chini ya bango lile lile. Walimu walikuwa mkutanoni, mlinzi alikuwa ametoka kununua chai, na sisi wazazi tulikuwa majumbani tukipongezana kwenye kikundi cha WhatsApp.

Nikabadili hesabu. Siku hizi nikiomba watu waunge mkono juhudi hizi, pesa sizitaji mwanzoni. Naomba mtu mzima mmoja asimame mahali fulani, saa fulani, siku fulani. Pesa hufuata, na aghalabu huwa chache kuliko tulivyodhani. Hatua zilizo hapa zimefuata mpangilio huo, na nakuomba usiruke ukaenda moja kwa moja kwenye sehemu ya pesa.

Hatua ya kwanza: Kubalianeni mnapinga nini

Pwani tuna utani, na utani ni mali yetu. Ukisimama mbele ya wazee wa Mji wa Kale ukawaambia kutaniana ni kosa, baraza zima umelipoteza. Kwa hivyo kabla ya kuomba chochote, mtenge utani, ugomvi na uonevu.

Dan Olweus, mtafiti aliyefanya kazi zake Bergen, Norwei, alitoa alama tatu zinazotosha hadi leo: anayefanya anakusudia kuumiza, jambo linarudiwa, na nguvu za wawili hao hazilingani. Watoto wawili wa kimo kimoja wakipigana kwa sababu ya mpira, huo ni ugomvi. Watani wakirushiana maneno na wote wakacheka, na mmoja akisema basi mwenzake akaacha, huo ni utani. Lakini mtoto akinyang'anywa nauli ya matatu kila Jumatatu na wakubwa wanne, hapo pana uonevu, hata kama wao wanne wanacheka. Waswahili walishasema mzaha mzaha hutunga usaha. Methali hiyo imenifungulia milango mingi kuliko takwimu yoyote.

Takwimu nazo zipo. Ripoti ya UNESCO ya 2019 ilionyesha kuwa karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alionewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi uliotangulia. Itaje mara moja uendelee. Mzazi wa Likoni hashtuliwi na hesabu ya dunia, hushtuliwa na choo cha shule ya mwanawe.

Kazini maneno ni mengine. Kibarua ananyimwa zamu wiki nzima kwa kuwa alijibu. Mhudumu wa hoteli anafokewa mbele ya wageni kila asubuhi. Karani anatengwa, hasalimiwi, kisha anapewa kazi ya siku tatu aimalize saa kumi jioni. Kila moja likitokea siku moja, mtu husema ni hasira za supavaiza. Yakifuatana miezi miwili, yana jina.

Hatua ya pili: Tafuta mahali na saa, usitafute majina

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapoharakisha.

Mwombe mwalimu mkuu ruhusa, kisha mwombe mwalimu wa ushauri nasaha asimamie zoezi hili. Chora ramani ya shule kwenye karatasi kubwa: madarasa, vyoo, jikoni, bomba la maji, uwanja, lango, kituo cha matatu. Kila mtoto apewe karatasi ndogo yenye ramani hiyo hiyo na atie nukta nyekundu mahali anapoogopa kupita, na aandike ni saa ngapi. Jina lake asiandike, na la mwenzake asiandike. Karatasi zikunjwe zitiwe katika kikapu.

Ukizimimina mezani utaona nukta zimerundikana sehemu mbili au tatu tu. Kwetu zilikuwa nyuma ya vyoo wakati wa mapumziko ya saa nne, na njia ya mchanga kati ya shule na madrasa baada ya alasiri. Hiyo ya pili mwalimu mkuu hakuwahi kuifikiria kwa sababu iko nje ya ua. Ustadh wa madrasa alipoonyeshwa karatasi zile alinyamaza kitambo, akasema, "Basi hawa ni wanangu pande zote mbili." Hatukuhitaji kumshawishi zaidi.

Ukikuta karatasi inayosimulia jambo zito, kwa mfano kuguswa kimwili, kutishwa kwa kisu au mtoto kutaka kujidhuru, zoezi linasimama hapo hapo. Hiyo haiwi tena kazi ya kamati. Piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, au nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo na polisi. Makosa ya kingono yana sheria yake tangu 2006, na hayasuluhishwi sebuleni kwa mzee wa mtaa, hata kama familia zote mbili zimekubali.

Kazini huwezi kugawa ramani. Badala yake kila anayeonewa aweke daftari lake, nyumbani, si kwenye kompyuta ya ofisi: tarehe, saa, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, na nani alikuwepo. Kurasa kumi za namna hiyo zina uzito kuliko barua moja ya hasira.

Hatua ya tatu: Jua nani ana ufunguo wa mlango upi

Nimeona watu wakipoteza muhula mzima wakimwandikia gavana kuhusu shule ya sekondari. Katiba ya 2010 iliipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya mitaani. Shule za msingi na za sekondari ziko chini ya serikali kuu, na walimu wako chini ya TSC, tume inayowaajiri. Kwa shule, mlango wa kwanza ni Bodi ya Usimamizi, na wa pili ni chama cha wazazi, ambavyo vyote vimo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Wakikwama hao, panda kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, iwe Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, kimwili au kisaikolojia, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kichapishe. Usikisome kwa sauti ya kutisha katika kikao cha kwanza, kiweke ndani ya faili, mwenyekiti akiuliza "mnasimamia wapi?" umpe.

Hatua ya nne: Andika ombi moja linaloweza kujibiwa ndiyo au hapana

"Tusaidieni kumaliza uonevu" si ombi, ni dua. Bodi itasema amina na kuendelea na ajenda ya matangi ya maji. Ombi linalofaa linaonekana hivi:

"Kwa Mwenyekiti, Bodi ya Usimamizi. Sisi wazazi wa Gredi ya 4 hadi ya 9 tunaomba dakika 15 katika kikao chenu kijacho. Watoto ___ kati ya ___ wametuonyesha kuwa wanaogopa eneo la nyuma ya vyoo wakati wa mapumziko ya saa nne. Tunaomba mambo mawili: mwalimu wa zamu asimame hapo dakika 30 za mapumziko, na sisi tupewe ruhusa ya kuleta mzazi mmoja kila siku asimame naye. Zamu za wazazi za muhula huu tumeziambatanisha, na majina na simu zao. Hatuombi pesa."

Sentensi ile ya mwisho imetufaa sana. Bodi imezoea kila barua kuishia na mkono ulionyooshwa.

Mbona nasisitiza watu wa kusimama? Kwa sababu uonevu unaishi kwa watazamaji. Programu ya KiVa ya Chuo Kikuu cha Turku, Finland, ilijengwa juu ya jambo hilo: mwonevu anatafuta heshima machoni pa wenzake, na wenzake wakiacha kumchekea, ngoma inakosa wachezaji. Kwa hiyo ombi la pili, muhula ukishatulia, liwe la kuwafunza watazamaji: nini mtoto afanye akiona, amwite nani, na anaketi vipi na aliyeonewa baadaye. Walimu wawili na viranja wachache wanatosha kuanza.

Hatua ya tano: Pita kwa mmoja mmoja kabla ya mkutano

Mkutano wa hadhara ni mahali pa kutangaza yaliyokwisha kukubaliwa. Kukubaliana kwenyewe hufanyika kibarazani, dukani, kwenye sinia ya kahawa Mwembe Tayari.

Anza na watu watatu ambao mtaa unawasikiliza. Kwetu walikuwa ustadh, mama anayeuza mahamri langoni (yeye huona kila kitu na hakuna aliyewahi kumuuliza) na mzee wa mtaa. Kwa kila mmoja, mpe salamu kamili, uliza hali za nyumbani, kisha mwonyeshe ramani yenye nukta. Usimweleze sana. Mwache aangalie. Halafu muulize: "Wewe ungefanya nini?" Akishatoa rai yake, juhudi hizi zimeshakuwa zake, na atazitetea pale usipokuwepo.

Kwa akina mama, chama cha kuweka na kukopa ndicho mlango. Omba dakika kumi mwishoni mwa kikao, baada ya pesa kuhesabiwa, wala usiombe kabla, maana kabla ya hapo hakuna anayekusikia. Kwa msikiti, zungumza na imamu mapema kama unataka lisemwe kwenye hotuba ya Ijumaa. Kwa kanisa, omba tangazo na uwe na mtu nje ya mlango mwenye karatasi ya zamu na kalamu. Redio za Mombasa kama Radio Rahma, Baraka FM, Radio Kaya na Pwani FM hufika jikoni na ndani ya tuktuk. Usiende studio na hadithi ya mtoto. Nenda na ombi: "Tunahitaji wazazi 20 wa zamu ya mchana."

Utakaowakuta njiani

Atakuwepo mwalimu mkuu anayeogopa jina la shule. Usibishane naye, muulize angependa habari itoke vipi. Mwaka 2017 shule moja ya bweni inayosifika sana nchini iligonga vichwa vya habari kwa mateso ya wanafunzi wa kidato cha kwanza, na kilichoichafua zaidi ni kwamba watu wazima walionekana kunyamaza. Mwalimu anayetangulia kuunda kamati ana la kujibu siku mambo yakiharibika.

Atakuwepo baba atakayesema, "Hata sisi tulipokuwa mono, wageni wa kidato cha kwanza, tuliteswa, na mbona tumekuwa watu?" Huyo ndiye ninayempenda kuliko wote. Mwambie asimulie. Wengi wakifika katikati ya hadithi sauti hubadilika, na ukumbi mzima unasikia.

Na atakuwepo mzazi wa mwonevu, amekunja uso. Mwanawe asiitwe mnyama mbele yake. Mtoto anayeonea wenzake mara nyingi anaonewa mahali pengine, na ukimfukuza mama huyu umemfukuza mtu pekee anayeweza kukwambia ni wapi.

Hatua ya sita: Sasa pesa

Andikeni bajeti mkiwa mmeshaanza kazi, si kabla. Ya kwetu ya muhula mmoja ilikuwa hivi: masanduku mawili ya mbao ya maoni pamoja na kufuli, KSh 3,600, daftari na kalamu, 900, vizibao vinane vya kumetameta vya wazazi wa zamu, 2,800, chai na mahamri ya siku ya mafunzo, 4,000, nauli ya mshauri, 2,000, salio la simu, 1,000. Jumla KSh 14,300. Linganisha na zile fulana zetu. Sitataja bei yake.

Kikundi kijisajili. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi. Peleka katiba yenu, kumbukumbu za mkutano na majina ya viongozi katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Mkishapata cheti mnaweza kufungua akaunti yenye watia saini watatu na namba ya Paybill. Usichangishe kwa simu ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu kama nani. Siku simu ikipotea, uaminifu wake unapotea nayo.

Shule ya umma haiwezi kumrudisha mtoto nyumbani kwa kukosa mchango huu. Elimu ya msingi ni bure kisheria, na tozo nyingine zina utaratibu wake wa kuidhinishwa. Andikeni neno "hiari" kwenye kila tangazo, na mtoto asitumwe na bahasha. Ukitaka kuzunguka na ndoo Kongowea au kwenye kivuko cha Likoni, kuna Sheria ya Michango ya Umma inayotaka leseni. Ulizia ofisi ya naibu kamishna wa kaunti uelekezwe. Na bahasha ya mheshimiwa usiitegemee: Julai 2024 Rais Ruto alitangaza kuwa maafisa wa serikali wasishiriki harambee. Mimi sikusikitika. Mheshimiwa akichanga, mambo hugeuka kuwa yake.

Kinacholeta pesa Mombasa ni chakula na nguo. Biriani ya Ijumaa kwa sahani, kwa oda zilizolipwa kabla ya Alhamisi usiku, haina hasara kwa sababu unapika idadi unayoijua. Na leso. Leso ina jina, na jina hutembea mtaani miaka mitano baada ya bango kuoza. Sisi tulilibishania jina wiki mbili, tukatua kwenye "CHEKA NAMI USINICHEKE". Kabla ya kuagiza kwa wauzaji wa Barabara ya Biashara, kusanyeni oda na nusu ya malipo, maana kuchapisha jina lenu wenyewe kunataka idadi kubwa na mkikosea mtabaki na marobota.

Anayetoa apate hesabu. Mwisho wa kila mwezi tuma ujumbe mmoja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na zamu ngapi zilisimamiwa. Hesabu ya zamu usiiache, ndiyo inayomfanya mtu achange tena.

Hatua ya saba: Kazini

Hapa hali ni nyeti zaidi, kwa sababu unayemwomba msaada ndiye anayekulipa mshahara. Usiende peke yako na usiende msimu wa wageni. Hotelini meneja wa Desemba hana masikio. Nenda Mei, mvua za masika zinaponyesha na vyumba viko wazi.

Sheria ya Ajira ya 2007 haina kifungu chenye jina la uonevu, lakini ina pa kushika. Kifungu cha 6 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono, baada ya kushauriana nao. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo, inataka kamati ya usalama mahali penye watu 20 au zaidi. Kwa hiyo huombi kitu kigeni. Unaomba sera iliyopo iongezwe ukurasa mmoja kuhusu udhalilishaji wa kila namna, na kamati iliyopo ipewe ajenda moja kila kikao.

Mwambie mwajiri kwa lugha ya daftari lake: wangapi wameacha kazi mwaka huu katika idara ile, kumfunza mpya kunachukua wiki ngapi, siku ngapi za ugonjwa zinatoka kwa supavaiza mmoja. Mahakama zetu zinatambua kuwa mtu aliyebanwa hadi akaondoka mwenyewe anaweza kuhesabiwa kuwa amefukuzwa, na mahakama ya ajira inakaa hapa hapa Mombasa. Hilo liseme mara moja, kwa upole.

Chama cha wafanyakazi kikiwepo, pitia kwa mwakilishi wake. Mji huu unajua kusimama pamoja. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi waligoma hapa na bandari ikasimama. Ila mgomo ni mlango wa mwisho. Kwanza ombeni watu wawili, mwanamke na mwanamume, waliochaguliwa kwa kura ya siri, wa kupokea malalamiko nje ya mstari wa supavaiza. Vibarua wapige kura pia, maana wao ndio wanaoonewa zaidi na huwa hawaitwi kikaoni. Kumfukuza mtu kwa kuwa amelalamika si sababu halali, kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema hivyo. Kwa ukaidi kuna ofisi ya leba.

Kisa cha mtu si bidhaa

Mfadhili atakuomba "hadithi yenye kugusa" na picha. Kataa. Mtoto aliyeonewa akipanda jukwaani kueleza alivyovuliwa viatu, kesho ndiye "yule wa viatu" shule nzima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, lakini hata mzazi akikubali mimi husema hapana. Ramani yenye nukta inatosha. Mfadhili asiyeridhika nayo alikuwa akitafuta kitu kingine.

Na kwenye makundi ya WhatsApp, video ya mtoto akipigwa isisambazwe hata kwa nia ya kulaani. Ihifadhi, mpe afisa wa watoto au polisi, futa kwenye kundi.

Kuendeleza

Rudia ramani kila mwisho wa muhula, kwa karatasi zile zile. Nukta zikihama kutoka vyooni kwenda kituoni, zamu nazo zihame. Msishangae malalamiko yakiongezeka miezi ya kwanza. Masanduku yamefunguka midomo, na mueleze Bodi hivyo mapema kabla haijaogopa. Alhamisi ya kwanza ya Novemba ni siku ya kimataifa ya UNESCO ya kupinga ukatili na uonevu shuleni. Itumieni kusoma hesabu ya mwaka mbele ya wazazi na kuandikisha zamu za Januari, wakati wageni wapya wanapoingia na hatari inapokuwa kubwa.

Kila sanduku liwe na kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mwalimu wa ushauri nasaha, wa pili kwa mzazi. Wafungue pamoja, Ijumaa, baada ya watoto kuondoka. Mzazi huyo achaguliwe miongoni mwa wenye watoto wa Gredi ya 4, ili asiondoke shuleni kabla ya kumfunza atakayempokea.